Injini ya Pili Inunuliwe Lini?

Pikapu za miraa zinazotoka Maua kwenda Nairobi hupita Meru mjini, Chuka na Embu kwa kasi ambayo mwenye bodaboda huiheshimu kwa kuingia pembeni kabla hajapigiwa honi. Haraka hiyo ina sababu. Miraa ikishachumwa ina takriban siku mbili tu kabla ya kunyauka na kupoteza nguvu, na mzigo wa Mogadishu haungoji mtu. Huko Nairobi hupakiwa kwenye ndege, na kwa miaka mingi Fokker 50 ya injini mbili imekuwa sura iliyozoeleka katika kazi hiyo. Somalia ilipozuia mzigo huo Machi 2020, Igembe na Tigania zilikosa hela ya unga. Biashara iliporejea Julai 2022, wakulima walisherehekea. Kwa hiyo watu wa Nyambene wanaijua ndege vizuri, ila wanaijua kwa upande wa mzigo.

Kuijua kwa upande wa usukani ni hesabu tofauti, na familia nyingi za sehemu hizi zimeanza kuipiga. Oktoba inapokaribia na bonasi ya majani chai kuanza kunukia, mzazi anayepeleka majani yake Mungania, Rukuriri, Githongo au Michimikuru huwa na kijana nyumbani aliyemaliza kidato cha nne na kutangaza kwamba anataka kuwa rubani. Si rubani wa kuzunguka Nairobi National Park Jumapili na marafiki, bali wa kulipwa mshahara. Kijana amekwisha kutembelea shule moja au mbili katika uwanja wa Wilson, na amerudi na karatasi ya bei. Mstari unaomfanya mzee avue miwani na kuifuta ni ule wa mafunzo ya ndege ya injini mbili.

Niseme mapema ninachoamini, msomaji aendelee akijua. Mafunzo hayo ni ya lazima kwa anayelenga kampuni kubwa, na bei yake, ingawa inauma, ina sababu zinazoeleweka. Kinachofilisi familia ni kuyanunua wakati usiofaa.

Kwanza tuone yanapokaa katika safari nzima. Leseni ya urubani wa kibinafsi huhitaji angalau saa 40 za kuruka, na mwanafunzi awe ametimiza miaka 17. Leseni ya kibiashara, ambayo ndiyo inayomruhusu mtu kulipwa, hudai saa 200, au 150 kwa aliyefuata kozi kamili iliyoidhinishwa, na umri wa miaka 18. Leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa ndege kubwa za abiria, huja baada ya saa 1,500 na umri wa miaka 21. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, husimamia yote hayo kwa kufuata misingi ya shirika la kimataifa la ICAO. Saa nyingi za leseni ya kibiashara mwanafunzi huzimaliza katika vindege vya injini moja: Cessna 152, Cessna 172, Piper Cherokee. Injini mbili ni idhini ya ziada inayoandikwa kwenye leseni, na aghalabu huambatana na idhini nyingine, ya kuruka kwa kutegemea ala za ndani pekee, rubani asipoona nje kwa sababu ya mawingu.

Idhini ya injini mbili ni fupi ajabu ikilinganishwa na kelele za bei yake. Kanuni za Ulaya hudai saa 6 tu za kuruka na mwalimu. Marekani haimwekei idadi ya chini ya saa anayeiongeza juu ya leseni aliyonayo. Mtahini akiridhika, imetoka. Lakini katika zile saa 6 za Ulaya, 3 na nusu lazima ziwe za kuruka injini moja ikiwa imezimwa au imepunguzwa hadi isifae kitu. Hapo utajua mzazi analipia nini hasa. Mtoto wake halipiwi kuongozwa katika raha ya injini mbili, kwani injini zote zikiwa salama ndege hiyo haimshindi mtu aliyezoea Cessna. Analipiwa kufundishwa siku moja ya balaa, siku ambayo injini moja inakufa muda mfupi baada ya magurudumu kuiacha ardhi.

Siku hiyo ndege huvutwa kwa nguvu kuelekea upande wa injini iliyokufa. Rubani lazima akanyage pedali ya upande mzima kwa uzito wote wa mguu, atambue bila kubahatisha ni injini ipi imezima, azungushe mapanga yake yakate upepo kwa makali badala ya kuukinga kwa ubapa, kisha alinde mwendo. Kwenye saa ya mwendo kuna mstari mwekundu na mstari wa bluu. Chini ya ule mwekundu, pedali haitoshi tena kuishikilia ndege, nayo hupinduka. Wa bluu ndio mwendo unaompa rubani nafasi bora ya kupanda kwa injini moja. Wakufunzi hurudia jambo moja hadi mwanafunzi achoke: ukipoteza injini moja kati ya mbili umepoteza nusu ya nguvu, lakini uwezo wa kupanda unapungua kwa asilimia 80 au zaidi, kwa kuwa nguvu iliyobaki karibu yote inatumika kuizuia ndege isishuke.

Na hapa ndipo mwinuko wa nchi yetu unapoingia, jambo ambalo karatasi za bei hazilitaji kamwe. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Piper Seminole, ndege ya mafunzo inayopendwa sana duniani, ina injini mbili za nguvu farasi 180 kila moja, zisizo na turbo. Ikiwa imebeba uzito wake wote, kiwango cha juu inachoweza kudumisha kwa injini moja ni kama futi 3,800. Meru mjini penyewe pako juu kuliko hapo. Embu mjini vilevile. Maana yake, ndege hiyo ikizimika injini moja juu ya Nkubu ikiwa imejaa, injini iliyobaki haitakupeleka nyumbani. Itakuchagulia tu shamba la kutua, na itakupa dakika chache zaidi za kulitafuta. Ikiwa nyepesi hali huwa afadhali, lakini hakuna anayesoma urubani ili aruke na tangi tupu. Piper Seneca yenye turbo ni hadithi nyingine: ile ya muundo wa pili hudumisha zaidi ya futi 13,000 kwa injini moja, ingawa Mlima Kenya unazidi futi 17,000 na haujali umekuja na injini ngapi. Julai 2003 ndege ya kukodi ya injini mbili iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Samburu iliugonga mlima huo karibu na kilele cha Lenana, na watu wote 14 waliokuwemo wakafa.

Kuna hatari nyingine ya nyanda za juu ambayo mwanafunzi aliyefunzwa pwani huenda asiikute. Kadiri unavyopanda, injini zisizo na turbo hudhoofika, kwa hiyo ule mvuto wa upande mmoja nao hupungua na mstari mwekundu kwa hakika hushuka. Inaonekana kama habari njema. Lakini mwendo ambao mabawa hupoteza uwezo wa kubeba ndege haushuki nao. Viwili hivyo vikikutana, ndege inaweza kupoteza ubebaji kabla rubani hajahisi dalili za kushindwa na pedali, huku bawa moja likisukumwa kuliko lingine, na hapo huanza kuzunguka kama pia. Mwalimu anayefundisha injini mbili futi 8,000 au 9,000 juu ya bahari, ambako ndiko utakuwa ukifanya mazoezi hayo ukitoka Wilson, lazima awe anaijua hesabu hiyo kwa damu. Kwa hiyo mzazi asipime shule kwa rangi ya ndege. Aulize mwalimu wa injini mbili ameruka saa ngapi za injini mbili, na kwa mwinuko gani.

Turudi kwenye pesa. Kwa nini saa moja ya ndege hii humeza mara mbili hadi tatu ya ile ya injini moja? Mafuta ni sehemu ya jibu. Cessna 152 hunywa karibu lita 23 kwa saa, Cessna 172 lita thelathini na kitu, Seneca lita 80 au zaidi. Zote hizi hutumia petroli maalumu ya ndege inayoagizwa kutoka nje, ghali kuliko ile ya Probox. Halafu kila injini hupaswa kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa baada ya saa 1,800 hadi 2,000, na sasa ziko mbili. Mapanga yanayogeuza pembe, magurudumu yanayokunjwa tumboni, bima ya ndege ambayo wanafunzi huizimia injini kwa makusudi, vyote vina fundi wake na ankara yake. Mwenye shule naye ana Cessna kadhaa zinazoruka siku nzima, lakini ndege ya injini mbili huwa moja, pengine ya zamani kuliko mwanafunzi na mwalimu wakijumlishwa. Muundo wa Seneca uliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Siku ambazo ndege hiyo imeegeshwa ikingoja kipuri kutoka Marekani, gharama zake hazilali. Diamond DA42, ambayo hutumia injini za dizeli zinazokubali mafuta ya jeti na kunywa karibu nusu ya Seneca, imepunguza sehemu ya mafuta katika shule zilizoinunua duniani, lakini bei ya kuinunua yenyewe hurudi kwa mwanafunzi kwa mlango wa nyuma.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei ninazotumia ni za kurahisisha, si za shule yoyote. Kila mtu aweke za karatasi yake. Chukulia saa ya injini moja ni Sh20,000, na ya injini mbili Sh55,000. Mwanafunzi anahitaji saa 200 kwa jumla. Wa kwanza anaambiwa, au anajiambia, kwamba saa nyingi za injini mbili zitampamba mbele ya mwajiri, hivyo anaruka 30 za aina hiyo na 170 za injini moja. Atalipa Sh5,050,000. Wa pili anaruka 15 za injini mbili na 185 za injini moja: Sh4,525,000. Tofauti ni Sh525,000. Hizo si pesa za kuchezea kwa mwenye ekari moja ya chai Kianjokoma, lakini si hizo zitakazoamua hatima ya mtoto. Subiri kidogo.

Baada ya leseni huja miezi, na kwa wengi miaka, ya kutafuta kazi. Idhini ya kuruka kwa ala haidumu maisha. Rubani hupimwa upya mara kwa mara, na kwa aliyeichukua katika ndege ya injini mbili, kipimo kinamdai akodi ndege ya injini mbili. Hakuna anayekaa mwaka mzima bila kuruka akaingia katika mtihani huo mkavu. Mpe saa 5 za kujikumbusha na kupimwa: Sh275,000. Akingoja kazi miaka miwili na kutaka karatasi zake zikae hai, ni Sh550,000. Ule ujanja wote wa kupunguza saa umeliwa na kungoja, na bado hana kazi. Asipolipa, idhini inalala, mguu unasahau pedali, na siku mwajiri atakapopiga simu ataanza karibu upya. Ustadi wa injini mbili una tabia ya ile miraa ya kwenye pikapu: thamani yake iko katika kufika sokoni ikiwa mbichi.

Basi soko liko wapi? Hapa ndipo hadithi inayosimuliwa vijana hukosa ukurasa wa katikati. Kweli, kila ndege ya abiria ya Kenya Airways ina injini mbili, kuanzia Embraer 190 hadi Boeing 787. Dash 8 za Jambojet vilevile. Atakayefika huko hawezi kukwepa idhini hii. Lakini wengi wanaomaliza Wilson wakiwa na saa 200 hawaingii humo moja kwa moja. Mlango wa kwanza wa rubani mchanga Kenya mara nyingi ni kiti cha kulia cha Cessna Caravan, farasi wa kazi wa safari za mbugani, misaada na mizigo. Ndizo zinazotua Lewa, ambayo iko ndani ya Kaunti ya Meru, na katika viwanja vya udongo vya Mbuga ya Kitaifa ya Meru kama Kinna na Mulika. Caravan ina injini moja. Ni injini ya turbini, inayoaminika mno kiasi kwamba hata madaktari wa ndege wa AMREF, ambao huduma yao ilianza mwaka 1957, wana Pilatus PC-12 za injini moja katika kundi lao la ndege za wagonjwa.

Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kutumia karibu milioni kupata idhini ya injini mbili, kisha akakaa miaka miwili ya kwanza ya kazi, kama atabahatika, akiendesha injini moja. Idhini yake itachakaa akiwa kazini! Nimewasikia wanaopinga hoja hii. Wanasema mwajiri akiona leseni isiyo na injini mbili anaitupa kando hata kama kazi yenyewe ni ya Caravan, kwa sababu kesho atataka kukuhamishia ndege kubwa. Kampuni nyingine hufanya hivyo, na bima nazo huweka masharti yao ya saa. Lakini hilo ni swali la kuuliza kampuni moja moja kabla ya kulipa, si la kujibiwa na mwenye shule anayeuza saa hizo. Kijana aende Wilson na suti yake, abishe hodi katika ofisi za kampuni zinazoajiri, aulize rubani wa mwisho waliyemchukua alikuwa na nini mkononi. Siku mbili za kutembea zinaweza kuokoa ng'ombe wawili wa maziwa.

Ukiniuliza mpangilio, nitasema injini mbili zije mwisho kabisa, na zije pamoja na idhini ya ala, katika saa zilezile. Kanuni za kimataifa hudai saa 40 za kuruka kwa ala, na huruhusu 20 kati yake, au 30 kwa simuleta ya kiwango kinachokubalika, zifanyiwe chini. Simuleta hainywi petroli. Mwanafunzi makini hujifunza taratibu zote humo na katika injini moja, hadi sauti ya mwongozaji ndege isimtetemeshe tena, ndipo apande ndege ghali kufanya kile tu ambacho hakiwezi kufanyika kwingine. Anayepanda Seneca kujifunza kusoma ramani ya kutua anachoma lita 80 kwa saa kwa somo ambalo angelipata akiwa ameketi. Bado kuna shule, na sizitaji, ambazo hupanga kinyume kwa sababu ndege yao ya injini mbili imekaa na inahitaji wateja.

Na nje ya nchi? Afrika Kusini na Marekani huvuta wengi, hasa Florida, ambako mafuta ni nafuu na ndege ni tele. Hesabu ya saa peke yake huenda ikaonekana tamu. Ongeza nauli, viza, kodi ya nyumba, chakula, na mitihani ya KCAA ya kugeuza leseni ya kigeni ukirudi. Kisha ongeza kitu ambacho hakimo katika ankara yoyote: Florida iko usawa wa bahari. Kijana akizimiwa injini moja huko, ile ya pili inampandisha, polepole lakini inampandisha, na akili yake inajifunza kwamba injini moja inatosha. Rudisha akili hiyo Wilson saa saba mchana jua likiwaka. Addis Ababa, ambako Shirika la Ndege la Ethiopia lina chuo chake, iko juu hata kuliko Nairobi, zaidi ya futi 7,600, na anayefunzwa katika hewa nyembamba kama hiyo haji na dhana hizo.

Nyumbani nako kuna pesa zinazovuja ambazo hazihusiani na injini. Wilson ina foleni. Saa ya kukodi huanza kuhesabu injini zikiwaka, si magurudumu yakiinuka, na dakika ishirini za kungoja nyuma ya Dash 8 za watalii katika ndege ya injini mbili ni karibu Sh18,000 kwa bei ya mfano wetu, bila kuruka hata futi moja. Msongamano huo una upande mzito kuliko pesa: Machi 2024 Cessna ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria juu ya mbuga ya Nairobi, na mwalimu na mwanafunzi wake wakafa, huku ndege ya abiria ikirudi na kutua salama. Wakati huohuo Embu ina uwanja wake mdogo wa ndege, Meru ina Gaitu, na mpakani mwa Meru na Isiolo uko Uwanja wa Isiolo, uliofunguliwa rasmi mwaka 2017 kwa ahadi kubwa za kusafirisha miraa na bado una nafasi ya kutosha angani. Isiolo iko chini ya Wilson kwa karibu futi 2,000, ingawa joto lake hurudisha sehemu ya faida hiyo. Viongozi wetu wa kaunti hupenda kufungua masomo ya kila aina kwa mkasi na utepe. Ni ajabu kwamba hakuna aliyeona kuwa lami ya Isiolo ni darasa lililojengwa tayari. Shule ingehitaji fundi, mafuta na zimamoto pale, na hivyo havipatikani kwa hotuba. Lakini hata kambi ya wiki mbili, ndege moja na walimu wawili, ingewaondoa wanafunzi katika foleni kwa yale mazoezi ya kutua na kupaa yanayorudiwa mara kumi kwa asubuhi.

Jinsi ya kulipa ni sura peke yake. Harambee imesomesha wengi Meru na Embu, na hakuna ubaya nayo, ila pesa za harambee huja kwa mkupuo na kumshawishi mzazi alipe shule mkupuo ili apunguziwe kidogo. Asifanye hivyo. Februari 2008 kampuni ya Marekani ya Silver State Helicopters ilifilisika ghafla na kuacha wanafunzi zaidi ya 2,000 katikati ya masomo, wengi wakiwa na mikopo ambayo pesa zake shule ilikuwa imekwisha kuchukua. Kama ilitokea huko, palipo na mahakama za kufilisi na bima za kila namna, haiwezi kukosa kutokea kwingine. Lipa kwa vipande vya saa kumi au ishirini, dai risiti inayoonyesha saa zilizobaki, na kwa upande wa injini mbili usilipe chochote kabla kijana hajaiona ndege yenyewe ikiruka wiki hiyo. Mwenye mkopo wa Sacco anajua kwamba riba haisimami ndege ikiwa gereji. Kijana aliyepangiwa saa 15 katika wiki tatu akazimaliza katika miezi saba amelipa mara mbili: riba kwa Sacco, na saa za ziada kwa shule, maana kila baada ya mapumziko marefu somo la kwanza huenda katika kukumbuka la mwisho.

Wapo watakaosema haya yote yanamhusu mtoto wa maskini, kwamba mwenye nacho anunue tu. Sikubali. Mwenye hoteli Makutano aliyemlipia bintiye saa 50 za injini mbili kwa mkupuo amemnunulia tarakimu nzuri kwenye daftari la safari, na akikosa kazi mwaka huo, tarakimu zile zitabaki na ustadi utaondoka. Ningemshauri achukue nusu ya pesa hizo amsomeshe awe mwalimu wa urubani. Mwalimu huruka kila siku, hulipwa badala ya kulipa, na shule inapopata ndege ya injini mbili hutafuta wa kuifundisha miongoni mwa walimu wake. Saa zinazopatikana ukilipwa zina harufu tofauti mbele ya mwajiri, na njia ya kuelekea zile 1,500 huwa fupi.

Yapo mazingira ambayo kuchelewa ni kosa. Kampuni ikimpa kijana barua, si maneno ya kwenye baa, kwamba itamchukua akiwa na idhini ya injini mbili ifikapo Machi, uza ng'ombe Januari. Vilevile anayejiunga na kozi kamili iliyoidhinishwa, yenye saa 150, hana uhuru wa kupanga apendavyo. Mtaala umeshaweka injini mbili mahali pake, na bei ni moja.

Kabla ya hayo yote kuna karatasi moja ambayo wazazi huiacha mwisho kwa kuwa ni rahisi kuliko zote. Cheti cha afya cha daraja la kwanza hutolewa na madaktari walioidhinishwa na KCAA, na bila hicho hakuna leseni ya kibiashara, ya injini moja wala mbili. Daktari hupima macho, masikio, moyo, mkojo, na uwezo wa kutofautisha rangi. Mvulana anaweza kuishi miaka 19 Mbeere akichuma muguka bila kugundua kwamba rangi nyekundu na kijani zinamchanganya, kwa sababu hakuna kazi ya nyumbani iliyowahi kumdai azitenganishe usiku. Kipimo hicho hugharimu maelfu machache ya shilingi na asubuhi moja Nairobi. Kifanywe kabla ya saa ya kwanza ya Cessna, na kabla mzee hajamwita dalali wa shamba.